Wastani na Namba ya Katikati: Kuhesabu kwa Mafungu

Maneno ya somo la redio kwa madarasa ya elimu ya watu wazima, kama yalivyosomwa na Afisa Elimu

Natumaini kila mmoja ana daftari na kalamu. Leo kila darasa liwe pia na punje za mahindi 60. Kama mahindi hayapatikani, maharage au vijiwe vitafaa. Mwalimu wa darasa azishike mpaka tutakapozihitaji.

Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Neno hilo ni la kweli. Lakini mali yaweza kuwa na daftari, daftari likawa safi, hesabu zake zikawa sahihi, na bado mtu akatozwa kuliko anavyostahili. Kwa nini? Kwa sababu hesabu moja haisemi mambo yote, na huyo mtu hakujua kuuliza hesabu nyingine. Somo letu la leo ni juu ya kuuliza hesabu. Tutajifunza kwanza kwa mkono, kisha tutaona jinsi kompyuta inavyofanya kazi hiyo hiyo kwa amri moja tu.

DAFTARI LA MAZIWA

Tuchukue mfano. Tuseme kuna chama cha ushirika cha wafugaji wa ng'ombe wa maziwa. Chama hiki ni cha mfano tu, usikitafute kwenye ramani. Kina wanachama 12 na vituo 3 vya kupokelea maziwa: Mlimani, Mtoni na Sokoni. Asubuhi moja karani ameandika hivi. Safu ya kwanza ni namba ya mwanachama, ya pili ni kituo, ya tatu ni lita alizoleta.

01 Mtoni 3
02 Mlimani 6
03 Sokoni 10
04 Mtoni 40
05 Mlimani 9
06 Mtoni 5
07 Sokoni 9
08 Mlimani 7
09 Mtoni 8
10 Sokoni 11
11 Mtoni 4
12 Mlimani 8

Nakilini daftari hili, maana tutalitumia mpaka mwisho wa somo. Mwalimu aliandike ubaoni.

Sasa sikilizeni jambo lenyewe. Chama kinataka kununua tangi la kupozea maziwa, kwa sababu maziwa ya jioni huharibika kabla gari halijafika. Fedha zinazopungua ni shilingi 120,000. Kamati inaleta shauri mbele ya mkutano. Inasema: "Wenye maziwa mengi walipe zaidi. Basi tutatazama wastani wa kila kituo. Kila mwanachama wa kituo atalipa shilingi 1,000 kwa kila lita ya wastani wa kituo chake."

Shauri hili lina sura ya haki. Lakini kabla hujanyosha mkono kukubali, tupige hesabu.

WASTANI NI NINI

Wastani ni hivi. Mnamimina maziwa ya watu wote katika pipa moja, halafu mnagawana sawasawa. Fungu la kila mmoja ndilo wastani. Katika hesabu, tunajumlisha lita zote, kisha tunagawanya kwa idadi ya watu.

Tuanze na chama kizima. Jumla ya lita ni 120. Watu ni 12. Tukigawanya 120 kwa 12 tunapata 10. Basi wastani wa chama ni lita 10 kwa mtu.

Je, mwanachama wa kawaida analeta lita 10? Tazameni daftari. Hesabuni ni wangapi walioleta lita 10 au zaidi. Ni watatu tu: namba 03, namba 04 na namba 10. Wengine wote 9 hawakufika hapo. Wastani si mtu. Waweza kuzunguka kijiji kizima usimkute mtu ambaye ni wastani.

Sasa tugawe kwa vituo. Hii ndiyo maana ya kuhesabu kwa mafungu: kwanza tunawakusanya wanaofanana, kisha tunapiga hesabu ya kila kundi peke yake.

Mlimani kuna watu 4, nao walileta 6, 9, 7 na 8. Jumla ni 30. Wastani ni lita 7 na nusu.
Mtoni kuna watu 5, nao walileta 3, 40, 5, 8 na 4. Jumla ni 60. Wastani ni lita 12.
Sokoni kuna watu 3, nao walileta 10, 9 na 11. Jumla ni 30. Wastani ni lita 10.

Kwa shauri la kamati, kila mtu wa Mlimani atalipa shilingi 7,500. Kila mtu wa Sokoni atalipa 10,000. Kila mtu wa Mtoni atalipa 12,000. Ukijumlisha zote utapata shilingi 120,000 kamili. Kamati haikukosea hata senti moja.

Hapa tunapata jambo la kwanza la kukumbuka: wastani hutunza jumla. Ndiyo maana unapendwa na wenye kupanga bajeti.

CHEZENI NA MAHINDI

Sasa mwalimu alete zile punje 60. Watu watano wasimame, wawe ndio wanachama wa Mtoni. Wa kwanza apewe punje 3, wa pili punje 4, wa tatu punje 5, wa nne punje 8, na wa tano punje 40. Kila punje ni lita moja.

Nangoja kidogo mgawane.

Haya. Sasa kila mmoja aombwe kuweka mezani punje 12, kama kamati ilivyosema. Mwenye 40 ataweka 12 na kubaki na 28. Mwenye 8 hawezi. Mwenye 5 hawezi. Mwenye 4 hawezi. Mwenye 3 hawezi. Watu wanne kati ya watano wanadaiwa kana kwamba wana kitu ambacho hawana.

Tuseme kwa fedha. Mwanachama namba 01 alileta lita 3 na anatakiwa alipe shilingi 12,000. Kila lita yake imebeba shilingi 4,000. Mwanachama namba 04 alileta lita 40, naye analipa shilingi 12,000 zile zile. Kila lita yake imebeba shilingi 300. Kumbe shauri lililosema wenye maziwa mengi walipe zaidi limefanya kinyume chake kule Mtoni.

Hakuna aliyeiba. Hakuna aliyedanganya. Wastani wa Mtoni umevutwa na debe moja kubwa, nao wenye vikombe wamehesabiwa humo.

NAMBA YA KATIKATI

Sasa wale watu watano wasimame katika mstari, kuanzia mwenye punje chache mpaka mwenye punje nyingi: 3, 4, 5, 8, 40. Aliye katikati ni nani? Ni mwenye 5. Wawili wako chini yake na wawili wako juu yake. Namba yake ndiyo tunayoiita namba ya katikati.

Watu wakiwa idadi shufwa, kama wale 4 wa Mlimani, hakuna mmoja aliye katikati. Basi chukueni wawili wa kati, jumlisheni, gawanyeni kwa 2. Mlimani mstari ni 6, 7, 8, 9. Wawili wa kati ni 7 na 8. Jumla ni 15, na nusu yake ni 7 na nusu.

Sasa linganisheni. Mlimani wastani ni 7 na nusu, na namba ya katikati ni 7 na nusu. Sokoni wastani ni 10, na namba ya katikati ni 10. Mtoni wastani ni 12, lakini namba ya katikati ni 5. Mnaona? Mlimani na Sokoni hesabu mbili zinapatana. Mtoni zimeachana mbali. Zikiachana hivyo, zinakuambia: tazama ndani, kuna mmoja au wachache wanaovuta hesabu.

Kuna kisa cha kweli kinachohusu ng'ombe. Mwaka 1906, mjini Plymouth huko Uingereza, katika maonyesho ya mifugo, watu walinunua kadi wakabahatisha uzito wa ng'ombe atakapokuwa amechinjwa na kusafishwa. Mtaalamu mmoja aliyeitwa Francis Galton alizipata zile kadi. Zilizosomeka zilikuwa 787. Alizipanga kutoka namba ndogo mpaka kubwa, na ile ya katikati ilikuwa ratili 1,207. Uzito wenyewe wa ng'ombe ulikuwa ratili 1,198. Galton aliandika habari hiyo katika jarida la Nature mwaka 1907. Wastani wa kadi zote ulikuwa ratili 1,197, yaani karibu kabisa na ukweli. Basi msiseme wastani ni adui. Pale Plymouth wastani na namba ya katikati zilikaribiana, maana waliobahatisha juu na waliobahatisha chini walikaribia kulingana. Penye ulinganifu, wastani ni rafiki mwema. Penye mmoja mkubwa na wengi wadogo, usiutegemee peke yake.

KAZI HIYO HIYO KWA KOMPYUTA

Mtaniuliza: Bwana Elimu, hapa kuna watu 12 na siku moja. Chama chenye watu 800 na siku 30 kitahesabiwa na nani? Swali ni jema. Vyama vingi siku hizi karani ana kompyuta. Basi na tujue anachoweza kuiuliza.

Kuna programu inayoitwa datamash. Ni moja ya programu za GNU, mradi uliotangazwa na Richard Stallman mwaka 1983 kwa nia ya kutoa programu ambazo kila mtu aweza kuzitumia na kuzichunguza bure. Datamash hailipiwi. Ikiisha kuwekwa ndani ya kompyuta haihitaji intaneti. Katika kompyuta yenye Linux ya aina ya Ubuntu au Debian, fundi huiweka kwa kuandika:

sudo apt install datamash

Programu hii haina picha wala vitufe vya kubonyeza. Unafungua dirisha la amri, mahali ambapo unaandika maneno na kompyuta inatii. Unaandika mstari mmoja wa amri, unabonyeza kitufe cha kukubali, na jibu linatokea chini yake. Msiogope. Mtu aliyejifunza kuandika barua aweza kuandika amri, maana amri ni barua fupi ambayo kila herufi yake ina kazi.

Kwanza karani ataandika daftari letu katika faili, akiliita maziwa.txt. Kila mwanachama ana mstari wake. Kati ya safu na safu aache nafasi. Vichwa vya safu asiviandike, aanze moja kwa moja na 01 Mtoni 3. Kisha ataandika amri hii. Naisoma polepole, nanyi mnakili:

datamash -W -s -g 2 count 3 sum 3 mean 3 median 3 min 3 max 3 < maziwa.txt

Tuifungue neno kwa neno.

Neno datamash ni jina la programu. Ni kama kumwita mtu kabla ya kumtuma.

Alama -W, kwa herufi kubwa, inasema: safu zimetengwa kwa nafasi. Usipoiandika, programu itadhani safu zimetengwa kwa alama nyingine, yaani ile ya kitufe cha Tab.

Alama -s inasema: panga kwanza, wa Mlimani wakae pamoja, wa Mtoni pamoja, wa Sokoni pamoja.

Alama -g 2 inasema: fanya mafungu kwa kufuata safu ya pili. Safu ya pili ni kituo. Hapa ndipo palipo roho ya amri yote.

Halafu yanafuata maswali sita, na kila swali linahusu safu ya tatu, yaani lita. Neno count 3 ni kuuliza idadi: wako wangapi? Neno sum 3 ni kuuliza jumla. Neno mean 3 ni wastani. Neno median 3 ni namba ya katikati. Neno min 3 ni namba ndogo kupita zote, na max 3 ni kubwa kupita zote.

Mwisho kuna alama < na jina la faili. Ncha ya alama inaelekea upande wa amri, kama mrija unaoingiza maziwa. Maana yake: chukua yaliyomo katika faili hii uyatie katika amri.

Jibu litakuwa hivi:

Mlimani 4 30 7.5 7.5 6 9
Mtoni 5 60 12 5 3 40
Sokoni 3 30 10 10 9 11

Someni mstari wa Mtoni kwa kufuata mpangilio wa maswali. Watu 5. Jumla lita 60. Wastani 12. Namba ya katikati 5. Ndogo kabisa 3. Kubwa kabisa 40. Ndizo hesabu tulizozipata kwa mkono na kwa mahindi. Kompyuta haikujua jambo lolote ambalo ninyi hamkulijua. Ilifanya upesi tu.

Na kama karani angeuliza jumla na wastani peke yake, kompyuta ingemjibu 60 na 12 na kunyamaza. Haitamwambia, "Angalia, kuna mtu wa lita 40." Kompyuta hujibu ulichouliza. Basi mwanachama asitosheke na kuambiwa, "Kompyuta imesema." Aulize: iliulizwa nini?

MAKOSA MANNE YA KUANGALIA

La kwanza, kusahau alama -s. Datamash hufuata mistari kwa mpangilio inavyoikuta, na kila jina la kituo linapobadilika, inaanza fungu jipya. Katika daftari letu hakuna mistari miwili ya kituo kimoja iliyofuatana. Basi ukisahau -s utapata mistari 12 badala ya 3, na Mtoni itatokea mara 5. Ukiona jina moja limerudiwa katika jibu, rudi ukaangalie -s.

La pili, kuandika jina moja kwa namna mbili. Tuseme karani katika mstari wa namba 11 aliandika mtoni kwa herufi ndogo. Kwa macho yetu ni Mtoni ile ile. Kwa kompyuta ni kituo kingine. Itatoa Mtoni yenye watu 4 na mtoni yenye mtu 1. Sasa wastani wa wale 4 ni 56 kugawanya kwa 4, yaani 14. Kwa shauri la kamati, ada yao ingepanda kutoka shilingi 12,000 hadi 14,000, kwa sababu ya herufi moja! Ukiongeza alama -i katika amri, kompyuta haitabagua herufi kubwa na ndogo. Lakini haitasahihisha tahajia. Aliyeandika Mtoini atabaki na kituo chake peke yake. Dawa ni kusoma orodha ya vituo kwanza. Vituo vyetu ni 3. Jibu likitoa 4, kuna kosa.

La tatu, kuandika neno mahali pa namba. Mtu hakuleta maziwa, karani akaandika "hakuna". Datamash itakataa kuendelea na itataja mstari na safu yenye neno hilo. Huo ni wema wake, si ubaya. Lakini jambo la kuamua ni la watu: je, mtu asiyeleta aandikwe 0, au asiandikwe kabisa? Ukiandika 0 anahesabiwa kati ya watu na wastani unashuka. Usipomwandika, wastani unabaki juu. Kamati iamue mapema, na iandike uamuzi huo mbele ya daftari.

La nne, kutafuta wastani wa wastani. Mtu aweza kuchukua 7.5, 12 na 10, akajumlisha na kugawanya kwa 3. Atapata 9.83. Lakini tumekwisha kuona kwamba wastani wa chama ni 10. Kosa liko wapi? Amekipa kituo cha watu 3 uzito sawa na kituo cha watu 5. Ukitaka wastani wa wote, rudi kwenye jumla zenyewe: 30 na 60 na 30 ni 120. Watu 4 na 5 na 3 ni 12. Ndipo ugawanye. Hii ndiyo sababu nawaambia kila mara muulize idadi na jumla, si wastani peke yake.

TURUDI KWENYE SHAURI LA KAMATI

Sasa tumepata nuru. Tufanye nini? Mwingine atasema, basi tutoze kwa namba ya katikati. Tujaribu. Mtoni namba ya katikati ni 5. Watu 5 mara shilingi 5,000 ni shilingi 25,000. Lakini Mtoni ilitakiwa itoe 60,000. Tangi halitanunuliwa. Namba ya katikati inatuonyesha mtu wa kawaida alivyo, lakini haitunzi jumla. Si kipimo cha kutoza. Kazi yake ni kutuonya.

Dawa iko katika daftari lenyewe. Kama nia ni kwamba mwenye maziwa mengi alipe zaidi, basi kila mtu alipe shilingi 1,000 kwa kila lita yake mwenyewe. Namba 01 atalipa 3,000. Namba 11 atalipa 4,000. Namba 06 atalipa 5,000. Namba 09 atalipa 8,000. Namba 04 atalipa 40,000. Jumla ya Mtoni ni shilingi 60,000, zile zile. Mlimani itatoa 30,000 na Sokoni 30,000. Fedha za tangi zimetimia, na tangi halikupungukiwa. Kilichobadilika ni mabega yanayobeba mzigo.

Yawezekana namba 04 naye ana lake la kusema. Atauliza kama mwenye kulipa 40,000 atakuwa na nafasi zaidi katika tangi. Ni swali la haki, na mkutano ulijibu. Hesabu haziamui badala ya watu. Zinaweka jambo mezani ili watu waamue wakilijua.

Na siku moja haitoshi kupima mtu. Ng'ombe huugua, mvua hukatika. Afadhali hesabu ya mwezi. Karani akiwa na mistari ya mwezi mzima, kila siku mstari kwa kila mwanachama, atafanya mafungu kwa safu ya kwanza badala ya safu ya pili:

datamash -W -s -g 1 sum 3 < maziwa.txt

Alama -g 1 inasema: fanya mafungu kwa namba ya mwanachama. Jibu ni jumla ya lita za kila mtu kwa mwezi ule. Mtu aliyekuwa akiandika lita zake nyumbani katika kijitabu chake ataweza kulinganisha. Ndiyo sababu tuliandika 01 na 02, si 1 na 2, ili zipangike sawasawa. Ndugu zangu, anzeni kijitabu hicho kesho asubuhi. Haba na haba hujaza kibaba, na mstari mmoja kwa siku hujaza ushahidi.

MASWALI YA KUCHUKUA MKUTANONI

Andikeni maswali haya ukurasa wa nyuma wa daftari.

1. Wastani huu ni wa watu wangapi?
2. Jumla ni ngapi?
3. Namba ya katikati ni ngapi, na je, iko karibu na wastani?
4. Ndogo kabisa ni ngapi, na kubwa kabisa ni ngapi?
5. Mafungu yamefanywa kwa kufuata nini?

Kuuliza maswali haya si kumtuhumu karani. Karani mwema huyapenda, kwa sababu yanamlinda hata yeye. Uulize kwa adabu, lakini uulize.

ZOEZI

Kijiji kilichanga mahindi kwa ajili ya chakula cha shule. Kuna mitaa 2. Mtaa wa Juu, watu 4 walitoa madebe 2, 3, 3 na 4. Mtaa wa Chini, watu 5 walitoa madebe 1, 1, 2, 2 na 9.

(a) Tafuteni idadi, jumla, wastani na namba ya katikati ya kila mtaa.
(b) Mwenyekiti amesema, "Mitaa yote miwili watu wametoa sawasawa." Je, amesema kweli?
(c) Faili inaitwa mahindi.txt. Safu ya kwanza ni mtaa, ya pili ni madebe. Andikeni amri.

Fanyeni kwa mkono kwanza, mkimaliza ndipo msome majibu.

MAJIBU

(a) Juu: watu 4, jumla madebe 12, wastani 3, namba ya katikati 3. Chini: watu 5, jumla madebe 15, wastani 3, namba ya katikati 2.

(b) Wastani ni sawa, lakini watu hawakutoa sawasawa. Mtaa wa Chini ni mtu mmoja tu aliyefika wastani, yule wa madebe 9. Asipotoa mwaka ujao, watabaki watu 4 wenye jumla ya madebe 6, na shule itapungukiwa madebe 9 kwa mara moja. Mtaa wa Juu, akikosekana mtu yeyote mmoja, pengo halitazidi madebe 4. Mwenye kupanga chakula cha watoto inampasa ajue tofauti hiyo.

(c) datamash -W -s -g 1 count 2 sum 2 mean 2 median 2 < mahindi.txt

Darasa litakalopata majibu tofauti lisifute. Lipitie hatua moja moja na mwalimu, mpaka lione pale njia zilipoachana. Zile punje 60 msizitupe. Mtazihitaji katika somo lijalo, tutakapojifunza asilimia.